Mama Mapipa na farasi kumi na tisa waliopotea

Saa tatu na nusu asubuhi, ndani ya gereji yenye sakafu iliyokolea mafuta machafu, teksi ndogo nyeupe inakimbia kilomita mia moja na kumi kwa saa na haiendi popote.

Magurudumu yake ya mbele yamekaa juu ya mapipa mawili ya chuma yaliyozikwa nusu sakafuni. Mikanda minne minene imeifunga kwenye pete za zege kama ng'ombe anayesubiri kisu, na feni kubwa inaipulizia usoni. Nyuma ya usukani ameketi mwanamke wa miaka arobaini na sita, kitambaa kichwani, viziba masikio juu ya kitambaa, macho kwenye kompyuta iliyoning'inizwa nje ya dirisha. Anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Bati linatetemeka. Spana zinacheza ukutani.

Pembeni, mwenye teksi amekunja mikono. Kadiri mlio unavyopanda, ndivyo naye anavyozidi kuvuta tumbo ndani.

"Wote hufanya hivyo," mwanamke huyo anasema baadaye, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Gari linapimwa, mwenye gari anabana tumbo. Sijui huwa anadhani namba ni ya nani."

Mlio unashuka. Namba inatokea: nguvu za farasi hamsini na nane. Dereva anaachia pumzi, tumbo linarudi mahali pake.

"Hamsini na nane tu, mama?"

"Hamsini na nane. Na mmoja wao anachechemea. Kabadilishe plagi."

Mtaa mzima unamjua kwa jina la Mama Mapipa. Ukiuliza kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazungushwa mpaka jua lizame.

Kazi yake ni rahisi kuieleza, ila ngumu kuwaelewesha wenye magari. Injini inapotoka kiwandani huja na karatasi yenye namba ya nguvu zake. Lakini nguvu hizo husafiri: hupita kwenye gia, kwenye shafti, kwenye akseli, mwisho kwenye tairi ndipo ziguse ardhi, na kila kituo hutoza ushuru. Mapipa hupima kinachobaki.

"Karatasi ya kiwandani inakwambia kilichopikwa jikoni," anasema. "Mimi nakwambia kilichofika mezani. Watu hawapendi kuambiwa kilichofika mezani."

Kwa wiki hupima magari kati ya tisa na kumi na tano. Mshahara wake wa mwezi, anasema, ungetosha kununua matairi matatu ya pikapu kubwa. "La nne ningeenda dukani kulisalimia, nikarudi nyumbani."

Mume wake ni fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa nyuma, na wawili hao huiita nyumba yao nyumba ya vipimo. "Yeye anapima viuno, mimi napima injini," anasema. "Wateja wetu ni walewale, na uongo wao ni uleule."

Kwa kweli ni cherehani iliyomleta hapa. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja na mumewe kupima viti vya gari vilivyotakiwa kushonewa vitambaa. Wiki hiyohiyo mwenye gereji, mtu mzima ambaye kila mtu humwita Mzee, alikuwa amenunua mashine kwenye mnada. Ilikuja katika masanduku manne, bila mtaalamu wa kuifunga, na mafundi walikuwa wakijaribu wenyewe. Kitabu cha maelekezo, chenye kurasa mia mbili na kumi na mbili za lugha ya watu wengine, kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Mume akipima viti, mke akawa hana la kufanya. Akachomoa kitabu. Meza ikayumba, chai ya Mzee ikamwagika, na kabla Mzee hajamaliza kugomba, akasikia sauti ya upole: "Mzee, pipa la kushoto mmelifunga kinyume."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

Mzee alimwajiri palepale ili asome. Alisoma kwa miezi mitano, kamusi mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Mafundi walimcheka miezi mitatu ya kwanza. Mwezi wa nne wakaanza kumletea magari kwa siri, asubuhi, kabla wenzao hawajafika.

Hivyo ndivyo alivyofika. Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka mitaa ya mbali ni kesi ya mwaka jana. Ukiitaja mbele yake huanza kwa kucheka, kisha hutulia, kwa sababu kesi hiyo ilikaribia kumgharimu kazi.

Mlalamikaji alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye mwili, sauti na moyo, vyote vya saizi moja. Mtaani ni Bwana Saruji. Yeye na shemeji yake, mwalimu wa hesabu aliyemwoa dada yake, walikuwa wamenunua pikapu za aina moja, mwezi mmoja, kwa muuzaji mmoja. Ya Bwana Saruji nyekundu, ya mwalimu kijivu.

Mwezi wa pili walizileta zote kwenye mapipa. Nyekundu ikatoa nguvu za farasi mia na arobaini na nane. Kijivu, mia na arobaini na saba.

"Farasi yule mmoja," anasimulia Mama Mapipa, "alimpa Bwana Saruji raha ya miezi mitano. Nasikia msibani alimtaja. Harusini alimtaja. Mwalimu alikuwa anakula kimya."

Mmoja hakutosha. Mwezi wa saba Bwana Saruji akafunga matairi mapya: marefu, mapana, yenye meno ya kukanyagia tope, juu ya rimu za chuma kizito. Pikapu ikainuka mpaka mkewe akahitaji kigoda kupanda. Akarudi gereji, akamleta na shemeji awe shahidi.

Mama Mapipa aliifunga mikanda, akaketi, akakanyaga mafuta. Mlio ulikuwa mzuri. Mafundi waliacha kazi kusikiliza. Kisha kompyuta ikasema: mia na ishirini na tisa.

Chini yake palikuwa na namba ya pili, ile ya nguvu ya kusokota, ambayo mafundi huiita torki. Mwezi wa pili ilikuwa mia tatu na arobaini. Sasa mia mbili sitini na tisa.

"Pima tena," alisema Bwana Saruji.

Mia na ishirini na nane.

"Tena."

Mia na ishirini na tisa.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "mia na arobaini na nane, toa mia na ishirini na tisa, ni ngapi?"

"Usinifundishe hesabu hapa!"

"Ni kumi na tisa."

Bwana Saruji alimgeukia Mama Mapipa. "Mwezi wa pili nilikuletea farasi mia na arobaini na nane. Leo unanikabidhi mia na ishirini na tisa. Farasi wangu kumi na tisa wako wapi?"

"Bwana, hawajaenda popote. Matairi yamewameza."

"Matairi!" Alilipiga moja teke, akaumia, akaficha. "Tairi kubwa ndiyo nguvu! Trekta lina tairi kubwa au dogo?"

Hoja ya trekta ilikuwa nzito. Mafundi wawili, watu ambao Mama Mapipa alikuwa amefanya nao kazi miaka kumi, waliitikia kwa vichwa.

"Huyu mama amepewa kitu na shemeji yangu," akahitimisha. "Huu ni wizi wa mchana." Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu anunue gari, alitoka kwa miguu.

Kesho yake asubuhi sajenti wa polisi aliingia gereji na daftari. Alisimama katikati, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapumua harufu ya petroli.

"Nani hapa anashughulika na mifugo?"

"Mifugo gani, afande?" Mzee aliuliza.

"Tumepokea malalamiko ya wizi wa farasi kumi na tisa." Sajenti alifungua daftari. "Mlalamikaji hakutaja rangi zao. Nilitegemea nyinyi mnisaidie."

Ilimchukua Mama Mapipa karibu nusu saa kueleza kwamba farasi hao ni wa hesabu. Sajenti alisikiliza kwa makini sana. Akaomba boneti ifunguliwe. Akainama, akamulika tochi pande zote, akaandika huku akitamka kila neno: "Nilikagua eneo la injini. Sikuona farasi."

Lakini jalada likishafunguliwa haliwezi kufungwa tupu. Sajenti alichana karatasi, akaandika KIELELEZO kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye kioo cha mbele cha pikapu. Gari lisiondoke mpaka Jumamosi, siku ambayo kila upande utaleta ushahidi wake.

Kwa hiyo siku nne Bwana Saruji alienda dukani kwake akiwa amepakiwa na shemeji yake, kwenye pikapu ya kijivu, mbele za watu. Mwalimu, wanasema, aliendesha polepole kuliko kawaida.

Mzee hakucheka. "Miaka sabini na moja nimeishi," alimwambia mfanyakazi wake, "sijawahi kuitwa mwizi wa farasi. Jumamosi, ama hao farasi warudi, ama hii mashine naiuza chuma chakavu."

"Na mimi, Mzee?"

Mzee alitazama pembeni. "Kwani mashine ikiondoka, utapima nini?"

Jioni hiyo Mama Mapipa alimkuta mumewe akishona kola. Akamweleza yote, kuanzia trekta mpaka tochi.

"Mama watoto," fundi alisema bila kuinua macho, "mteja akija na suruali ileile lakini amevaa viatu vya kisigino, ikaonekana fupi, kosa ni la suruali?"

"Ni la viatu."

"Basi viatu umevipima?"

Hakuwa amevipima. Akaomba futi kamba. Mumewe akakataa. Futi kamba ya fundi, anasema, ni kama mswaki, haiazimwi. Kesho yake mchana alifunga kibanda, akaja nayo mwenyewe shingoni, akapiga magoti mbele ya pikapu nyekundu na kuzungushia futi kamba tairi la Bwana Saruji kwa heshima zote, kama anapima kiuno cha bibi harusi.

"Sentimita mia mbili sitini na nne," akasema. "Mwili anao huyu."

Mwalimu alipopita kuuliza maendeleo, wakapima na la kwake, tairi la kiwandani. Mia mbili thelathini na tisa.

Mama Mapipa aliandika namba zote mbili, akaenda kwenye kompyuta kuzilinganisha na alizokuwa ameingiza.

Kompyuta ilikuwa bado na namba ya mwezi wa pili.

Siku ile ya mzozo alifungua faili la zamani la pikapu na kusahau kubadilisha ukubwa wa tairi. Mashine hiyo haina njia ya kuhesabu mizunguko ya injini moja kwa moja. Huikisia kutokana na mbio za mapipa. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo mapipa yalikimbia zaidi, na mashine, ikidhani tairi ni dogo, ikaamini injini inazunguka mno kuliko ilivyokuwa. Ikaigawa nguvu ileile kwa mizunguko mingi isiyokuwapo. Torki ikatoka ndogo kuliko ukweli.

Farasi mia na ishirini na tisa walikuwa wa kweli, kwa sababu hao mapipa huwahisi yenyewe. Lakini torki ya mia mbili sitini na tisa ilikuwa uongo. Alipiga hesabu mara mbili: ilitakiwa kuwa mia mbili tisini na saba.

"Nilikaa juu ya ndoo," anasema. "Miaka kumi najigamba kwamba mashine yangu haidanganyi. Kumbe siku hiyo nilikuwa nimeidanganya mimi."

Hakuna aliyejua. Angeweza kubonyeza vitufe vitatu, faili likabadilika, na dunia ikaendelea. Alimtazama mumewe, aliyekuwa akikunja futi kamba taratibu.

"Nguo niliyoikata vibaya huwa naijua peke yangu," fundi alisema. "Mpaka siku mteja ainame."

Hakubonyeza.

Jumamosi watu arobaini hivi walijaa gereji. Palitokea tatizo kabla hata ya kuanza. Ili kuthibitisha kwamba matairi ndiyo yaliyomeza farasi, yalihitajika matairi ya zamani ya pikapu nyekundu, na hayo mke wa Bwana Saruji alikuwa ameyapanga uani, ameyajaza udongo na kupanda maua.

"Waridi zangu zimeanza kuchanua juzi," alitangaza mbele ya sajenti. "Siwezi kuzing'oa kwa ajili ya farasi nisiowaona."

Matairi mengine ya saizi hiyo yaliyokuwa karibu yalikuwa kwenye pikapu ya kijivu. Bwana Saruji aliyatazama. Akatazama juu. Akamsogelea mwalimu, na mtu mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara akanong'ona.

"Sijasikia, shemeji," mwalimu alisema.

"Nimesema naomba uniazime matairi!"

"Kumbe ni hilo tu! Chukua. Ila na langu lipimwe likiwa limevaa ya kwako."

Mama Mapipa alipanda juu ya ndoo ili aonekane.

"Kabla sijapima, nina kosa la kusema," alianza. Akaeleza yote: faili la zamani, namba aliyoisahau, torki iliyotoka pungufu. "Kwenye farasi sijaiba hata mkia. Lakini kwenye torki niliteleza. Nilimwonyesha Bwana hapa mia mbili sitini na tisa, na haki yake ilikuwa mia mbili tisini na saba. Naomba radhi."

"Mmesikia!" Bwana Saruji alinyanyua mikono. "Amekiri! Afande, andika!"

Sajenti aliandika: mshukiwa amekiri. Kisha akauliza, "Amekiri farasi wangapi?"

"Hakuna farasi, afande."

Sajenti alipumua, akafuta.

Mzee alikuwa ameshika kichwa. Hapo Mama Mapipa akashuka, akageuza ndoo aliyokuwa amesimama juu yake, akaijaza maji nusu, akamwita sajenti mbele.

"Afande, ishike karibu na kifua. Nzito?"

"Ya kawaida."

"Sasa nyoosha mkono mbele."

Sajenti alinyoosha. Sekunde ya tano mkono ukaanza kutetemeka. Sekunde ya kumi kofia nayo.

"Nguvu zako zimepungua, afande?"

"Hazijapungua!" Sajenti alikuwa amekunja uso mzima. "Ni ndoo! Imeenda mbali!"

"Umeibiwa?"

"Sijaibiwa!" Maji yakamwagikia viatu vya Bwana Saruji.

"Basi akseli ni bega, na tairi ni mkono," Mama Mapipa aliwaambia watu. "Bega ni lilelile. Ukirefusha mkono, kule mwishoni msukumo unapungua. Kwa hiyo gari likivaa tairi refu, linaisukuma ardhi kwa nguvu pungufu, japo kila mzunguko linaenda mbali zaidi."

"Na trekta je?" fundi mmoja aliuliza. Ni mmoja wa wale walioitikia kwa vichwa.

"Trekta lilizaliwa na gia za kulitosha tairi lake. Na lini umeliona trekta linashindana kuondoka kwenye taa za barabarani?"

Kisha ilikuja mizani. Ilikuwa ya Bwana Saruji mwenyewe, ile ya kupimia misumari na nondo, na alikubali iletwe akiamini itamtetea. Gurudumu la kiwandani, kilo ishirini na saba. Gurudumu lake jipya, kilo arobaini na nne.

"Kilo kumi na saba zimeongezeka kwenye kila gurudumu," alisema Mama Mapipa. "Kabla injini haijayagusa mapipa yangu, lazima kwanza iuzungushe mzigo huo. Farasi wako hao ndio waliokuwa kazini, wanasukuma matairi yako. Bwana, wewe unauza saruji. Nikikuvisha viatu vya zege nikakuambia kimbia, ukachelewa, utasema nimekuibia miguu?"

Watu walicheka. Bwana Saruji alianza kucheka, akajizuia.

Pikapu nyekundu ikavuliwa matairi yake makubwa na kuvishwa ya shemeji. Mama Mapipa aliingiza mia mbili thelathini na tisa, akaisoma namba kwa sauti ili kila mtu aisikie, akaketi, akakanyaga mafuta. Watu wote arobaini wakavuta matumbo ndani.

Mia na arobaini na saba.

Kelele zilizotoka zilimfanya muuza maji wa mtaani aje kuuliza nani kafunga goli. Bwana Saruji peke yake ndiye aliyenyanyua kidole. "Ilikuwa arobaini na nane. Bado mmoja!"

"Huyo ni joto la leo na umri wa gari," Mama Mapipa alimjibu. "Hata wewe mwezi wa pili ulikuwa na nguvu zaidi."

Halafu ile ya kijivu, ikiwa imevaa matairi makubwa na kompyuta ikiwa imeambiwa mia mbili sitini na nne. Mia na ishirini na nane. Mwalimu alisimama pale, mtu aliyepoteza farasi kumi na tisa kwa dakika tatu, akitabasamu kama aliyepewa zawadi. "Hesabu imekubali," alisema.

Bwana Saruji alitazama namba, akatazama viatu vyake vilivyolowa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea pikapu yake, nayo, ikiwa imeshainuliwa kwenye jeki kusubiri matairi yake, ikasogea, na watu wanane wakamrukia kumvuta.

Sajenti alibandua karatasi ya KIELELEZO, akafungua jalada kwa mara ya mwisho, na akaandika sentensi ambayo hadi leo mafundi huikariri: "Farasi wote kumi na tisa wamepatikana wakiwa hai."

Jumatatu iliyofuata Bwana Saruji alikuja peke yake, akasimama mlangoni.

"Mama, siku ile nilitamka neno kubwa."

"Ulilitamka."

"Nilirudishe?"

"Lirudishe."

"Basi nalirudisha." Akakohoa. "Na ile torki… ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

Bwana Saruji akaaga. Pikapu aliyokuja nayo ilikuwa imevaa matairi makubwa, yaleyale. Mama Mapipa alimwita.

"Bwana! Si umeona yanavyokula nguvu?"

"Nimeona."

"Sasa mbona umeyarudisha?"

"Yanapendeza," alisema Bwana Saruji, akapanda juu kwa kigoda cha mkewe, akaondoka.

Mzee hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Ila wiki hiyo alinunua kiti chenye mgongo, akakiweka mbele ya kompyuta, akasema ni cha wageni. Mgeni yeyote anayekikalia hufukuzwa. Wateja nao wameongezeka, wengi wakiwa na swali moja tu kuhusu matairi, na kila asubuhi kabla ya kupima gari Mama Mapipa huchuchumaa kwanza kupima mzingo wa tairi na upepo wake, hata kama gari hilo alilipima jana.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo karibu hakuna mteja anayelijua, na alilitoa kwa shida, akitazama huku na huko kwanza. Mama Mapipa hana leseni. Hajawahi kuendesha gari barabarani, hata hatua kumi.

Ukipiga hesabu ya magari aliyopima kwa miaka kumi na moja, ni zaidi ya kilomita elfu thelathini. Zote amezimaliza ndani ya gereji hii, kati ya ukuta huu na ule.

Wiki tano zilizopita alijiandikisha shule ya udereva, Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu wake ni binti wa rika la mwanawe wa kwanza, na somo la kwanza lilimtoa binti huyo machozi. Mwanafunzi aliondoa gari kwa ulaini, akabadilisha gia kama maji, injini ikaimba. Macho yake yote yalikuwa kwenye dashibodi.

"'Mama, mbele! Tazama mbele!'" anamwigiza, akishika kifua. "Kumbe barabara huja. Hakuna aliyeniambia kwamba huja."

Usukani pia ulimshangaza, kwa kuwa kazini huushika tu usicheze. Kona ya kwanza waliipitia juu ya majani. Ya pili, anasema, ilikuwa nafuu, na wiki iliyopita alirudi nyuma katikati ya vijiti viwili bila kuangusha hata kimoja.

Mtihani ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Akifaulu, ataazima gari la mteja mmoja aliyekwisha kumwahidi, na atakwenda kwa dada yake mkubwa, mji ulio kilomita mia tatu na kumi kutoka hapa, ambako kila mwaka huenda kwa basi akiwa amelala. Amemwambia dada asipike mapema, kwani hajui atatumia saa ngapi. Hataki kukimbia.

"Miaka kumi na moja nakanyaga mafuta mpaka mwisho, ninapoinua macho ukuta uko palepale," anasema. "Safari hii nataka nikanyage kidogo tu. Kidogo tu, halafu nione ukuta unabaki nyuma."